Tamasha la jazi la Montreal bila gari: uzoefu wangu na basi la 747, metro na baiskeli za BIXI

Naupa usafiri huu nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja niliyoizuia inahusu nusu saa tu: ile inayoanza kama saa 5 usiku, onyesho kubwa la nje linapoisha na umati mzima ukageukia milango ya kituo cha Place-des-Arts. Ukijua namna ya kuikwepa nusu saa hiyo, mengine ni mteremko. Wa kuhurumiwa ni mwenye gari. Tamasha limekaa juu ya metro kabisa, na mtaa wa Sainte-Catherine unaopita katikati yake hufungwa magari yasipite.

Tamasha lilianza 1980, na mwaka 2004 Guinness walilitambua kuwa tamasha kubwa kuliko yote ya jazi duniani. Huchukua siku kumi hivi, mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai. Karibu theluthi mbili ya maonyesho ni ya bure, nje, na ndiyo maana usafiri una uzito kuliko tiketi ya ukumbini: unaweza kwenda kila jioni bila kununua kiti hata kimoja. Asikutishe mtu kwa neno jazi pia. Sisi tuliokulia kwenye OK Jazz na Jamhuri Jazz tunajua jina hilo lina watoto wengi, na jukwaani Montreal utakuta rumba, bluzi na muziki wa Afrika Magharibi bila mtu kuomba radhi.

Saa nilizoandika hapa ni za Kiswahili. Vibao vya Quebec, jimbo la Kanada lenye Montreal, hutumia saa 24 na Kifaransa, kwa hiyo ukiona "18 h" ni saa 12 jioni.

Ukija kwa ndege, basi ni 747. Linatembea usiku na mchana, mwaka mzima, kutoka uwanja wa ndege hadi kituo cha Berri-UQAM, likipitia metro ya Lionel-Groulx na kisha vituo kadhaa vya barabara ya René-Lévesque. Muda ni dakika 45 hadi 70 kutegemea foleni. Nauli ni kama dola 11 za Kanada, na hapa ndipo wageni wengi hukwama: sanduku la nauli ndani ya basi linakula sarafu tu, tena kamili. Noti halipokei, chenji halitoi, na hakuna konda wa kumbembeleza. Nani anashuka kwenye ndege na sarafu za dola 11 mfukoni? Nunua kwenye mashine ndani ya jengo, ghorofa ya wanaowasili, kabla hujatoka mlangoni. Mashine hupokea kadi ya benki.

Hiyo nauli ya dola 11 si ya basi hilo peke yake. Ni tiketi ya saa 24 kwa mabasi na metro ya kisiwa chote, kuanzia pale unapoigusisha mara ya kwanza. Ukifika saa 9 alasiri, imekulipia safari za jioni nzima ya tamasha, kurudi kulala, na kwenda kupata kifungua kinywa mjini kesho yake. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuja na 747, halafu usiku akapanga foleni kununua tiketi nyingine ya metro wakati ya kwanza iko hai mfukoni.

Kuna namna nafuu zaidi kwa anayefika Ijumaa. Tiketi ya wikendi huanza kufanya kazi Ijumaa saa 10 jioni na kufa Jumatatu saa 11 alfajiri. Bei yake ni kama dola 15, na 747 inaikubali. Ndege ikitua Ijumaa saa 11 jioni na ukaondoka Jumapili, dola hizo 15 zimekupeleka mjini, zimekuzungusha siku tatu na kukurudisha uwanjani. Kwa maoni yangu hakuna tiketi bora kuliko hiyo kwa safari fupi ya tamasha. Ukitua saa 9 na nusu, kunywa kahawa kwanza.

Anayekaa siku za katikati ya wiki aangalie tiketi ya jioni: saa 12 jioni hadi saa 11 alfajiri, kama dola 6. Tiketi ya safari moja haifiki dola 4, kwa hiyo kwenda na kurudi tu tayari umeizidi ile ya jioni. Tena ya safari moja ina mtego. Inadumu dakika 120 na inakuruhusu kuunganisha basi na metro, lakini ukishatoka nje ya metro haikurudishi ndani ya metro. Watu hudhani dakika 120 ni za kuingia na kutoka wapendavyo, wanatoka kuangalia wimbo mmoja, wanarudi, na geti linawakatalia.

Kadi ni mbili. Ile ya karatasi yenye chipu huja na tiketi yenyewe, hubeba tiketi hiyo tu, na ikiisha hutupwa. OPUS ni ya plastiki, hugharimu dola 6, huongezwa tiketi tena na tena, na simu inaweza kuijaza kupitia programu ya Chrono badala ya kupanga foleni. Kwa siku mbili usiinunue. Kwa wiki, au kama unakuja kila mwaka kutoka Ottawa au Toronto, inunue. Kila mtu awe na yake. Getini, iweke kadi juu ya kisomeo na uiache itulie mpaka taa ikubali. Anayeipitisha kwa haraka kama anafukuza nzi hupata taa nyekundu, na nyuma yake kuna watu thelathini.

Wanaokuja kwa treni hushukia Gare Centrale, na kwa njia ya chini kwa chini unafika metro ya Bonaventure, njia ya rangi ya chungwa, bila kuguswa na mvua. Kutoka Ottawa ni kama saa mbili, kutoka Toronto kama tano na kitu. Usipange onyesho la kulipia jioni ileile unayofika. Sehemu kubwa ya reli hizo ni mali ya kampuni ya mizigo, na treni ya abiria hujikuta inasubiri treni ya makontena ipite. Acha pengo la saa tatu. Kutoka New York kuna treni iitwayo Adirondack, moja kwa siku, saa 10 hadi 12 pamoja na ukaguzi wa mpakani. Mandhari ya Mto Hudson na Ziwa Champlain ni ya kukufanya usahau simu, lakini joto ni adui yake: chuma cha reli hupanuka, treni huamriwa kwenda polepole, na mwaka 2023 sehemu ya kuingia Kanada ilisimamishwa karibu kiangazi chote. Kabla ya kulipia hoteli isiyorudisha pesa, hakikisha treni inafika Montreal kweli na haiishii Albany. Basi la masafa marefu huchukua kama saa 8, nalo hukushusha pale Berri-UQAM, juu ya metro.

Sasa metro yenyewe. Ilifunguliwa 1966, hutembea kwa matairi ya mpira, na iko chini ya ardhi yote. Kwa tamasha unahitaji njia ya kijani, vituo vya Place-des-Arts na Saint-Laurent. Kumbi za ndani za Place des Arts, kama Maison symphonique na Théâtre Maisonneuve, zimeungana na kituo, unafika kwenye kiti chako bila kuona anga. Kumbi za MTELUS na Club Soda ziko upande wa Saint-Laurent, kwa hiyo shuka huko. Uwanja wa Place des Festivals uko upande wa magharibi, mtaa wa Jeanne-Mance, na hapo Place-des-Arts ndiyo sahihi.

Mabehewa hayana viyoyozi. Sababu ni ya kifundi: joto linalotolewa na viyoyozi lingebaki ndani ya mahandaki na kuwapika wanaosubiri. Mapema Julai, saa 11 jioni, behewa limejaa, utatoka jasho. Nenda saa 10 au baada ya saa 1 usiku. Vituo vyenye lifti huwekewa alama ya kiti cha magurudumu kwenye ramani, na si vyote vinayo, kwa hiyo mwenye mtoto kwenye kigari au mzee asiyeweza ngazi aangalie vituo viwili, cha kupandia na cha kushukia. Milango ya kuingilia kituoni nayo ni mizito na huzunguka kwenye mhimili wake, kwa sababu ya upepo unaosukumwa na treni. Sukuma upande mmoja, usivute. Treni inapoondoka utasikia noti tatu za muziki zinazopanda. Zilianza kama mlio wa mitambo ya umeme ya mabehewa ya zamani, wenyeji wakazipenda, zikabakizwa kwenye mapya kama ishara ya milango kufungwa. Kwa mji wa jazi, si utambulisho mbaya.

Tufike kwenye ile nusu saa. Onyesho kubwa la nje huanza kama saa 3 na nusu usiku na huisha karibu na saa 5. Ukifuata umati utasimama kwenye ngazi za Place-des-Arts, treni mbili tatu zikipita zimejaa. Nina njia tatu za kufanya.

Anayekwenda mashariki atembee hadi Saint-Laurent, dakika 5. Anayekwenda magharibi atembee hadi McGill, dakika 7 au 8. Hapa kuna hesabu ndogo: treni ya kwenda magharibi, kuelekea Angrignon, hupita Saint-Laurent kabla ya Place-des-Arts. Hivyo hata mtu wa magharibi akipandia Saint-Laurent hupata nafasi kabla ya umati kuingia. Ya mashariki, kuelekea Honoré-Beaugrand, hupita McGill kwanza. Kwa hiyo ukitaka kukaa, tembea kinyume cha unakokwenda. Ukitaka tu kuukimbia msongamano wa ngazi, tembea kuelekea unakokwenda.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, na inamfaa anayelala kwenye njia ya chungwa. Usiguse kabisa njia ya kijani. Shuka mteremko kusini hadi Place-d'Armes, dakika 10, ukipita mtaa wa Wachina. Unaokoa kubadilisha treni Berri-UQAM, ambako umati ule ule hukutana tena. Mvua ikinyesha mchana au jioni mapema, kuna njia ya chini inayounganisha Place-des-Arts na Place-d'Armes kupitia majengo ya Complexe Desjardins na Palais des congrès. Usiku wa manane usiitegemee, maana baadhi ya milango hufungwa mapema kuliko metro.

Treni za mwisho huwa kati ya saa 6 na nusu na saa 7 usiku, Jumamosi zikichelewa kidogo. Tamasha la ndani kwenye klabu linaweza kukupitisha hapo. Baada ya hapo kuna mabasi ya usiku, namba zinazoanza na 3: la 361 hufuata mtaa wa Saint-Denis, la 363 hufuata mtaa wa Saint-Laurent. Tiketi ya jioni inafanya kazi humo. Usiku mabasi yanapishana kwa muda mrefu, basi angalia ratiba kabla hujaagiza kinywaji cha mwisho.

BIXI, baiskeli za kukodi zilizopo tangu 2009, ni nzuri kwa kwenda, na kwa kurudi ni bahati nasibu. Mji una mteremko kutoka kitongoji cha Plateau kushuka katikati. Kila mtu anateremka nazo jioni, basi vituo vilivyo karibu na Place des Arts hujaa hadi huna pa kuiegesha huku dakika zinahesabiwa. Programu huonyesha nafasi zilizo wazi. Iangalie kabla ya kuanza kukanyaga. Iache baiskeli kituo kilicho mitaa mitatu minne nyuma, juu ya barabara ya Sherbrooke, na umalizie kwa miguu. Ukiirudisha, isukume hadi taa ya kijani iwake kwenye mlingoti. Taa isipowaka, mfumo unaamini bado unaendesha na unakutoza. Vuta gurudumu la mbele kidogo kuhakikisha limeshikwa. Njia ya baiskeli ya barabara ya De Maisonneuve inapita kando ya tamasha, lakini wakati wa umati watembea kwa miguu huimiliki, hivyo shuka ukokote.

Malazi: usilipe bei za hoteli za katikati. Chochote kilicho dakika 10 kwa miguu kutoka kituo cha njia ya kijani au ya chungwa kinatosha, na mabweni ya vyuo vikuu hukodishwa kiangazi. Angalia tu kanda ya nauli: kisiwa cha Montreal ni kanda A. Vituo vitatu vya Laval na kile cha Longueuil, miji jirani, viko kanda B, na tiketi ya kanda A haitakufungulia geti asubuhi. Chumba kinaonekana rahisi mpaka ujumlishe nauli.

Na kama tarehe zako zinagusa Julai 1, jihadhari. Ni sikukuu ya Kanada, kwa hiyo ratiba ni za sikukuu, na ndiyo siku ambayo Quebec nzima huhama nyumba, kwa kuwa mikataba mingi ya pango huisha Juni 30. Mitaa ya makazi hujaa malori na majokofu njiani, na mabasi hukwama nyuma yake. Siku hiyo tumia metro tu. Kama ndiyo siku ya kuondoka, panda metro hadi Lionel-Groulx na ulidake 747 pale, ukiwa umeruka foleni yote ya katikati ya mji, na ujipe dakika 90 hadi mlango wa uwanja wa ndege.