Usukani unaokwama katikati: gari jipya, waranti ya miaka 3, karakana mara 5

Gari ni krosova ndogo ya petroli, injini ya lita 1.5, usukani wa umeme, limenunuliwa likiwa jipya kwa wakala rasmi Dar es Salaam. Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Kosa lilijitokeza kwenye kilomita 9,800 na likaisha kweli kwenye 28,100. Katikati hapo karakana ilipokea gari mara 5 kwa kosa lile lile. Kampuni siitaji. Ninachoeleza ni kosa lenyewe, jinsi ya kulithibitisha, na kilichofanya hatimaye litengenezwe, kwa sababu magari mengi mapya sasa yana usukani wa aina hii.

Mjini hulioni. Shika barabara ya Morogoro, pita Kibaha, tulia kwenye 80 muda wa dakika 35 hadi 40 barabara ikiwa imenyooka. Sasa gari linataka yale marekebisho madogo ambayo mkono huyafanya wenyewe, upana wa kidole kushoto au kulia. Usukani hauendi. Unaongeza nguvu kidogo, bado. Unaongeza tena, usukani unaachia ghafla, na gari linapita pale ulipotaka liishie. Ni kama droo ya kabati la mbao iliyovimba kwa unyevu wa pwani: unavuta haitoki, unavuta tena inakujia yote mkononi. Ukikata kona au ukiegesha usukani ni laini kabisa. Unakwama katikati tu, pale pale unapokaa muda mrefu zaidi ukiwa safarini.

Kwa hiyo ukifika mapokezi usiseme "usukani mzito". Neno hilo linampeleka fundi kwenye upepo wa tairi, betri na alaimenti (mpangilio wa pembe za tairi), na gari litarudi kwako na vitu hivyo vitatu vimeguswa na kosa liko pale pale. Sema: "usukani unakwama katikati baada ya mwendo mrefu wa kasi moja, kisha unaachia ghafla." Maneno hayo yanataja sehemu, hali na tabia.

Sababu yake kwa ufupi. Katika usukani wa umeme wa aina hii, mota huzungusha skrubu ya chuma, na skrubu hiyo husukuma gurudumu la meno la plastiki ngumu. Kati yao kuna grisi, na springi ndogo inayobana skrubu dhidi ya meno ili pasiwe na mchezo, yaani kulegea. Safari ndefu ya moja kwa moja ina maana meno yale yale mawili au matatu yanasuguana mahali pale pale, kwa joto, huku grisi ikisukumwa pembeni. Plastiki ikivimba kidogo, au springi ikibana kupita kiasi, msuguano wa hapo katikati unapanda. Kompyuta haiwashi taa yoyote kwa sababu kwake kila kitu ni kizima: sensa inasoma, mota inapata umeme. Msuguano si kosa la umeme, na mashine ya kusoma misimbo ya makosa hailioni.

Si jambo la kubuni. Oktoba 2024 kampuni ya Honda ilitangaza Marekani kurudisha takriban magari milioni 1.7 kwa kosa la jamii hii hii, na tiba yao ilikuwa kubadilisha springi ya skrubu kwa iliyoboreshwa na kusambaza au kuongeza grisi. Gari ninaloliandikia hapa si Honda, lakini taarifa ile ilinisaidia sana kwenye mazungumzo na karakana, kwa sababu iliondoa lile jibu la "hakuna kitu kama hicho".

Kabla ya kudai stelingi raki, yaani kifaa kizima kinachogeuza tairi za mbele pamoja na mota na skrubu yake, ondoa kwanza mambo mengine, la sivyo karakana itakutumia hayo kukucheleweshea. Upepo wa tairi upimwe zikiwa za baridi, kwa namba iliyo kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, si kwa kukadiria. Betri isome karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.5 ikiwa inaunguruma. Kama gari lina kamera inayosaidia kubaki kwenye mstari, izime kabla ya majaribio, maana ile nayo husukuma usukani na fundi atasema ndiyo unayoisikia. Tairi za mbele ziinuliwe, uzishike ubavuni kulia na kushoto utikise: ukisikia mchezo, huenda tairodi (fimbo inayosukuma tairi igeuke) imekwisha. Shika juu na chini: mchezo hapo ni boljointi (kiungo kinachoshikilia tairi na kuiacha igeuke) au beringi ya tairi.

Makosa mawili hufanana na hili na yanafaa kutofautishwa. Krosi (kiungo kinachokunja) ya shafti ya usukani ikianza kushika kutu, utasikia uzito unaokuja na kuondoka mara 2 katika kila mzunguko mmoja, hata gari likiwa limesimama. Beringi ya juu ya shokapu ikikamata, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na mara nyingi springi hutoa mlio wa kuruka unapoegesha. Langu halikuwa na dalili hata moja kati ya hizo.

Mara ya kwanza, kilomita 9,800: alaimenti na balansi. Nikaambiwa limepona, na kwa wiki kadhaa lilionekana hivyo, kwa kuwa gari lilikuwa likizunguka mjini tu. Mara ya pili, 14,600: kompyuta ya usukani ikapewa upya sifuri yake ya katikati, na jobu kadi (karatasi ya kazi ya karakana) ikaandikwa "hakuna kosa lililopatikana". Mara ya tatu, 19,200: tairi za mbele zikapelekwa nyuma, kisha majaribio ya kilomita 4 kwenye foleni kuzunguka karakana. Hapo ndipo ninapoilaumu karakana zaidi. Kosa linalohitaji dakika 35 za mwendo wa 80 huwezi kulitafuta kwenye foleni ya dakika 15, na mtu wa mapokezi alikuwa ameshaambiwa hivyo mara mbili. Mafundi wenyewe ni hodari. Taarifa ndiyo iliyokuwa ikipotea kati ya dirisha la mapokezi na shimo la fundi.

Kilichobadilisha mambo ni mizani ya kupimia begi, ile ya kuning'iniza inayouzwa madukani kwa watu wanaosafiri na ndege. Unabandika kipande cha selotepu nyeupe juu ya usukani na kingine kwenye kava la chini yake, vikiwa vimelingana, ili uione katikati. Gari linainuliwa mbele kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi mbili imara, breki ya mkono juu, magurudumu ya nyuma yamewekewa vizuizi, injini inaunguruma. Unafunga kamba ya mizani kwenye mkono wa usukani, sehemu ile ile kila mara, unavuta polepole kwa pembe mraba na mkono huo, na kusoma namba usukani unapoanza kuondoka. Gari likiwa la baridi lilianza kuondoka kwa gramu 700 na kubaki hapo. Baada ya kwenda na kurudi Chalinze, bila kuuzungusha usukani sana wakati wa kuegesha, ilihitaji kilo 1.5 kuvunja pale katikati, kisha namba ikashuka mara moja hadi 700. Tofauti hiyo ya moto na baridi, katikati na pembeni, ndiyo kosa lenyewe kwa tarakimu. Rekodi video moja bila kukata, inayoonyesha kilomita za dashibodi, selotepu na mizani. Anayerekodi awe abiria, na barabarani simu isiguswe na dereva.

Pamoja na hilo nilidai fundi mkuu, si mtu wa mapokezi, apande gari na kushika usukani mwenyewe kutoka Kibaha hadi Chalinze. Alilisikia kabla hatujafika. Hiyo ilikuwa mara ya nne, kilomita 22,500, na stelingi raki nzima ikaagizwa chini ya waranti. Ilichukua wiki 5 kufika.

Jobu kadi ndiyo nyaraka yenye nguvu kuliko zote, na wengi tunaisaini bila kuisoma. Hakikisha malalamiko yameandikwa kwa maneno yako, si "angalia usukani". Ziwepo kilomita, tarehe ya kuingia na kutoka, kilichofanyika, na namba ya kila kipuri kilichobadilishwa. Wakitaka kuandika "hakuna kosa", waombe waongeze hali ya majaribio: umbali gani, mwendo gani, muda gani. Sentensi ya "kilomita 4, foleni" kwenye karatasi yao wenyewe ilinisaidia baadaye kuliko maelezo yangu yote. Na kama kosa ni lile lile, liandikwe "limerudi" pamoja na namba ya jobu kadi iliyopita, ili lisihesabiwe kama tatizo jipya kila unapofika.

Raki mpya ilifungwa. Baada ya kilomita 4,900 usukani ukaanza kukwama tena, kwa ukali mdogo kuliko mwanzo lakini kwa tabia ile ile. Hapa kuna jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokolea miezi: raki iliyofungwa ilikuwa na namba ya kipuri ile ile ya zamani hadi herufi ya mwisho. Mtengenezaji akirekebisha kipuri, kwa kawaida tarakimu au herufi za mwisho hubadilika. Kufunga cha toleo lile lile ni kuirudisha saa nyuma tu. Kosa litakuja kwa ratiba yake. Uliza kabla ya kufungwa: "Hiki ni toleo jipya? Namba ya zamani ni ipi na hii ni ipi?" Piga picha ya stika kwenye boksi na ile iliyo kwenye raki iliyotolewa. Kipuri kilichotolewa kwa kawaida ni mali yao chini ya waranti, lakini picha hakuna anayekukataza.

Mara ya tano niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa huduma, nakala kwa ofisi ya kanda ya mtengenezaji. Ilikuwa na jedwali la mara 4 zilizopita, namba za jobu kadi, vipimo vya mizani, na ombi moja: raki ya toleo lililorekebishwa, na waranti yake ya maandishi. Peleka mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na utaje siku 14 za kujibu. Barua pepe peke yake ni rahisi kukaa bila kujibiwa. Nilitaja pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka bidhaa iwe na ubora unaouzika na ifae kwa kazi iliyonunuliwa, na kwamba hatua inayofuata ni malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Sikuhitaji kufika huko. Jibu la kukubali ombi lilikuja siku ya 9.

Wakati wa kusubiri kipuri gari lilitumika mjini tu. Kosa hili ni la hatari kweli kwenye barabara ya njia mbili yenye malori: unachungulia pembeni ya lori, unataka kurudi, usukani unakamata, unaongeza nguvu, usukani unaachia, na gari linarukia upande usioutaka. Kama lazima usafiri, simama kila baada ya nusu saa, uzungushe usukani mwisho hadi mwisho mara 3 au 4 ukiwa umesimama. Kwangu hilo lilirudisha ulaini kwa muda, bila shaka kwa kuirudisha grisi kwenye meno. Ni nafuu ya safari moja tu.

Usiwape sababu ya kukukatalia. Sevisi zote kwa wakati, kwao, na risiti zihifadhiwe, tairi za saizi ile ile ya kiwandani, gari lisiongezewe kimo. Tairi pana zaidi peke yake inatosha karakana kusema mzigo kwenye usukani umebadilishwa na mwenye gari. Anayenunua gari jipya badala ya mtumba wa Japani amelipa fedha nyingi za ziada, na sehemu kubwa ya alichokinunua ni hiyo waranti. Inauma kuipoteza kwa sababu ya rimu.

Siku ya kuchukua gari usisaini kabla ya kuendesha, na si kuzunguka jengo. Raki ikibadilishwa lazima alaimenti ifanywe, kwa hiyo dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Usukani uwe umenyooka gari likienda moja kwa moja, na pasiwe na taa ya usukani wala ya breki za kuzuia kuteleza kwenye dashibodi, kwani ikibaki huenda sensa ya pembe ya usukani haijasawazishwa. Angalia chini raba za pande zote mbili za raki: ziwe zimebanwa kwa klipu, zisiwe zimepinda. Raba ikikaa vibaya maji na vumbi huingia, na raki mpya inaanza kula kutu msimu wa kwanza wa masika.

Jambo la mwisho la kudai kwa maandishi ni muda. Kijitabu changu kinasema kipuri kilichobadilishwa hubeba salio tu la waranti ya gari. Raki ikifungwa mwezi wa 30, ina miezi 6 ya ulinzi, na kosa hili linaweza kuchukua zaidi ya hapo kurudi. Nilipewa miaka 2 kwa raki pekee, karatasi yenye muhuri, namba ya kipuri imeandikwa.

Sasa gari lina kilomita 36,400, zikiwemo safari 6 za Dodoma. Mizani baada ya safari ya mwisho, injini ikiwa bado ya moto: gramu 700 katikati, gramu 700 pembeni.