Mashine ya espreso: kabla ya urembo, soma geji

Malalamiko yanayonijia ni yaleyale. Mashine mpya, pesa ndefu, kahawa nzuri, lakini kikombe cha kwanza cha asubuhi kina uchungu wa kuungua. Cha pili kitamu. Muuzaji akiulizwa, anakwambia ubadilishe kahawa. Kahawa ya watu haina kosa, jamani.

Kwenye mashine hizi za boila moja kubwa, maji ya kahawa hupita katika bomba lililozama ndani ya boila ya mvuke, yaani tangi la kuchemshia maji. Geji ya presha ikisoma bar 1.2, boila iko karibu digrii 123, na espreso inataka 90 hadi 96. Mashine ikikaa bila kazi, maji yaliyotuama bombani yanapata moto kupita kiasi. Ndiyo hayo unayoyanywa asubuhi.

Sasa hili wauzaji hawaligusi: geji husoma presha ya boila ikishatoa ya hewa ya nje. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800, na hewa yake ni nyepesi. Bar 1.2 ya kule ni kama digrii 120; bar 1.2 hiyohiyo hapa Nyali, Mombasa, ni 123. Mashine iliyopangwa dukani Nairobi inateremka pwani na homa. Ishushwe hadi bar 1.0 hivi.

Katika mashine za aina hii, ya kwanza kwangu ni Lelit Mara X, na upendeleo sifichi. Ina kipimajoto kwenye boila na kingine kwenye bomba la kahawa; unachagua 92, 94 au 96, yenyewe inajirekebisha. Ukiipanga itangulize kahawa, mvuke wa kupashia maziwa unalegea kidogo. Kwa kapuchino mbili za nyumbani, si neno.

Inafuata Profitec Pro 400, yenye ngazi 3 za joto. Halafu Rocket Appartamento ile ya mwanzo: sura unayo, lakini presha yake inarekebishwa kwa skrubu ndani, na umeme uwe umechomolewa. Mpe fundi. Kila asubuhi mwaga maji kwanza: yatatoka yakifoka na kutema mvuke, yakishatulia na kumiminika kimya, ndipo ufunge kishikio chenye kahawa.

Gaggia Classic na za bei hiyo? Zinapika espreso, ila boila yao ndogo hufanya kazi moja kwa zamu, kwa hiyo maziwa utayasubiri.

Maji ya kisima, yenye chumvi kama yetu, usiyatie kwenye yoyote.

Na bei! Mzigo unashuka Kilindini, unapanda lori hadi Nairobi, kisha unaturudia na nauli juu yake. Ukiuliza bei hadharani unajibiwa "njoo inbox", kana kwamba unaposa binti wa mtu. Mwambie aiwashe mbele yako, uisubiri nusu saa, usome geji. Akisema itachafuka, mwachie mashine yake.