Debian 12 kwenye kompyuta ya mtumba: nani anaiamsha ndani ya begi?

Natumia Debian 12, mfumo endeshi wa familia ya Linux, mwezi wa nane sasa kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, na jambo lililonitesa kuliko yote ni kuamka bila kuamshwa. Naifunga nyumbani Mbagala ikiwa na chaji asilimia 88, napanda daladala, na kabla sijafika Posta nasikia joto la begi mgongoni. Nikifungua, chaji iko 60 na kitu. Aliyeniuzia alisema betri imechoka, ninunue nyingine.

Sikununua. Nilifungua kwanza logi ya kerneli, yaani kumbukumbu za kiini cha mfumo, kwa amri ya journalctl -k, nikakuta mistari miwili inafuatana njia nzima: "PM: suspend entry (deep)", halafu "PM: suspend exit", halafu inaanza tena. Neno deep lilinipa moyo, maana yake kompyuta ilikuwa inalala usingizi mzito wa S3, si ule mwepesi wa s2idle. Betri haikuwa na kosa. Kuna kitu kilikuwa kinabisha hodi, na kila kikibisha, mashine inaamka, inakuta kifuniko kimefungwa, baada ya muda inarudi kulala.

Hapa ndipo nilipoipenda Linux kwa dhati, kwa sababu orodha ya wenye ruhusa ya kubisha hodi iko wazi. Ukisoma faili la /proc/acpi/wakeup unawaona kwa majina: kwangu mmoja ni LID0, yaani kifuniko, mwingine ni XHC, kidhibiti cha USB, na mbele yake imeandikwa enabled. Nikatumia amri ya lspci -vv kumtazama huyo XHC kwa karibu, nikakuta "PME(D0-,D1-,D2-,D3hot+,D3cold+)". PME ni ishara ya kuamsha, na D0 hadi D3 ni viwango vya kulala vya kifaa; alama za kujumlisha kwenye D3 zinasema hata kikiwa kimezimwa karibu kabisa, kidhibiti hiki bado kinaweza kutoa ishara hiyo.

Nilichomeka nini kwenye USB? Kile kidude cha kipanya kisicho na waya, ambacho sikuwahi kukichomoa, na kipanya chenyewe kilikuwa humo humo begini. Nilijaribu mezani: nikafunga kompyuta, nikatikisa kipanya, ikaamka. Nikachomoa kidude, nikatikisa mpaka nikachoka, kimya.

Kwa kawaida Linux haimpi kipanya ruhusa ya kuamsha, kibodi ndiyo inapewa. Lakini kidude changu, kama vingi vya aina yake, hujitambulisha kwa kerneli kuwa ni kipanya na pia ni kibodi. Draiva ya usbhid, programu inayoendesha kibodi na vipanya vya USB, ikiona kibodi, inawasha ruhusa. Basi gari likipita kwenye shimo, kipanya kinasogea, kidude kinaiita XHC, XHC inatoa PME, bodi inaamsha kila kitu. Kerneli ikishaamka inafuta biti ya PME kwenye rejesta ya kifaa, kwa sababu ikiachwa imewaka, ishara inabaki pale pale na mlango hauishi kugongwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumzima XHC mzima kwa kuandika jina lake ndani ya /proc/acpi/wakeup kwa amri ya echo. Usingizi ulitulia, lakini ofisini natumia kibodi ya nje, na ikawa haiwezi tena kuamsha mashine. Halafu faili lile halipokei "washa" wala "zima", linageuza tu hali iliyopo. Skripti yangu ilijiendesha mara mbili asubuhi moja, ikamrudishia XHC ruhusa bila mimi kujua. Na ukiwasha upya kompyuta, yote yanafutika. Hilo kwangu ni kasoro ya kweli, nami naipunguzia nyota kwa ajili yake.

Kilichofaa ni kushuka chini zaidi, hadi kwenye kidude chenyewe: katika folda yake ndani ya /sys/bus/usb/devices kuna power/wakeup, nikaandika disabled, kisha nikaweka kanuni ya udev, sehemu ya mfumo inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa, ili jambo hilo lijirudie kila kikichomekwa. XHC inabaki na ruhusa, kibodi ya nje inaamsha, kipanya hakiamshi. Draiva iliyoandikwa vizuri haijiamulii: kabla ya kulala inauliza device_may_wakeup(), yaani "je, kifaa hiki kina ruhusa ya kuamsha?", na jibu linatoka kwangu mimi mwenye mashine. Anayeandika draiva akiruka swali hilo, anamnyang'anya mtumiaji uamuzi, na mtumiaji ataishia kununua betri asiyoihitaji.

Nyota 4 kati ya 5. Jana niliifunga saa 12 asubuhi ikiwa na asilimia 91, kidude kikiwa kimechomekwa na kipanya begini. Saa 4 niliifungua kwa mteja Kariakoo, ilikuwa 90, na bati lake la chini ni baridi.