Miezi minane na mashine yangu ya lehemu ya kukanyaga

Nina pasi mbili za lehemu, ya wati 60 na ya wati 100, na zote mbili zilishindwa na dele la kahawa. Mzee mmoja muuza kahawa chungu wa Mwembe Tayari, Mombasa, aliniletea dele lake, mkono umeachia. Shaba ni mlafi wa moto. Ukiigusa hapa, joto lote linakimbilia tumboni, na lehemu inaganda kwenye ncha ya pasi kama nta. Ndipo nikajiundia mashine inayopasha kiungo chenyewe.

Kazi yake ni volti chache, ampia nyingi. Waya mmoja unabana dele, wa pili umeshika kijiti cha kaboni. Ukikigusisha kijiti kwenye kiungo na kukanyaga swichi, joto linazaliwa palepale. Sekunde nne tano lehemu imetiririka, na upande wa pili wa dele bado unashikika kwa mkono.

Transfoma niliitoa kwenye maikrowevu mbovu niliyoipata kwa muuza vyuma chakavu, shilingi 500. Hapo ndipo ningejiua. Nilikuwa nishashika bisibisi fundi wa friji, jirani yangu, akanizuia: "Ndugu yangu, hiyo imezimwa, haijafa." Ndani mna kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, na koili ya pili ya transfoma hutoa kama volti 2,000. Yeye ndiye aliyeimaliza chaji na kuichomoa transfoma. Mimi nilitazama tu. Magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi ya maikrowevu, alikataa isivunjwe, kwani kauri za baadhi yake zina berili, na vumbi lake ni sumu. Kama huna fundi wa namna hiyo, achana na maikrowevu kabisa, tafuta transfoma ya chaja kuukuu ya betri za gari.

Koili ya volti nyingi tuliikata yote, mahali pake nikapitisha waya mnene mizunguko mitatu. Mita inasoma volti 2.9. Vijiti vya kaboni vimo katikati ya betri kubwa za tochi, zile za zinki za bei rahisi. Vinachafua mikono vibaya mno, lakini ni bure. Usizipasue alkalaini wala lithiamu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiweka swichi upande wa waya mnene. Kila nikiinua kijiti cheche ziliruka, shaba ikatoboka vidoa. Sasa swichi ya mguu inakata umeme wa volti 240 kabla haujaingia kwenye transfoma, nayo imefungwa ndani ya boksi lake. Kijiti kwanza, mguu baadaye; kuondoka, mguu kwanza. Volti tatu hazipigi mtu shoti, ila pete ya kidoleni ikiunganisha nyaya hizo mbili itawaka moto ukiwa umeivaa. Yangu huivua. Miwani huvaa pia, maana ncha ya kaboni hung'aa.

Dele nililifunga kwa lehemu isiyo na risasi, kwa sababu watu watalinywea. Inayeyuka kwenye nyuzi 227 hivi, juu kuliko ile ya kawaida, na mashine haikujali. Nisichokipenda ni kwamba transfoma inapata moto haraka hata bila kazi. Nikishafunga viungo vitano sita naipumzisha, nanywa maji.

Ila nyumbani siitumii tena. Bati lake na chuma cha transfoma lazima viungwe na waya wa athi, ule unaopeleka ardhini umeme ukivuja, na soketi za nyumba ninayopanga, tundu lile la juu ni pambo tu, nyuma hamna waya. Nimemwambia mwenye nyumba mara mbili. Kwa hiyo madele yote nayapeleka kwa jirani wa friji, namlipa kwa kahawa.