Soli zenye vipele za Kariakoo: uzoefu wangu kwa mwenye ganzi miguuni

Nina sukari ya miaka mingi, na nyayo zangu zimeanza kufa ganzi kuanzia vidoleni. Wengi wakisikia hivyo huuliza kama nasikia maumivu. Kinachonisumbua hasa ni kuyumba. Mchana natembea vizuri tu, ila nikiinama kwenye sinki kunawa uso, nikafumba macho sabuni isiingie, lazima nishike ukuta. Umeme ukikatika usiku ndiyo kabisa.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinigusa nyayo kwa kiuzi cha nailoni kinachopinda kikibanwa kwa uzito wa gramu 10, huku nikiangalia dari. Chini ya kisigino nilikisikia. Kwenye dole gumba, wapi! Kisha akaniambia, "Mama, unganisha miguu, fumba macho, niko hapa nyuma yako." Nikapepesuka, akanidaka. Akanieleza kuwa mtu husimama kwa taarifa za macho, za sikio la ndani, na za miguu yenyewe: ngozi ya unyayo hujua uzito umeegemea wapi, na misuli ya kifundo inarekebisha kabla hata hujafikiri. Miguu ikiacha kuleta taarifa, macho ndiyo yanabeba kazi. Ukiyafumba, umekwisha.

Ndipo nikanunua hizi soli za kuweka ndani ya kiatu, za mpira mgumu wenye vipele juu, shilingi 15,000 jozi. Muuzaji alidai zinafungua mishipa na kushusha sukari. Hayo ni maneno ya biashara, sukari nashusha kwa dawa na sahani yangu. Kinachoingia akilini ni kwamba vipele vinabonyeza ngozi sehemu nyingi, hivyo hisia iliyobaki inapata cha kusoma.

Na kweli, kidogo, nimeona tofauti. Kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama nimeshika bomba, dereva akikanyaga breki nasikia uzito ukienda mbele ya unyayo na najirudisha mapema. Zile soli za sponji nilizokuwa navaa zilikuwa laini mno, kama kusimama juu ya godoro. Raha unaipata lakini ardhi huijui iko wapi. Kunawa uso bado nashika ukuta. Hapo soli hazikusaidia, maana nyumbani navaa malapa.

Kasoro zake: zinanuka mpira, na kwa joto la Dar mguu unaloa jasho. Ni nene, fundi viatu alizipunguza pembeni ndipo zikaingia. Kubwa zaidi, jioni moja niliona kwenye kioo alama nyekundu chini ya dole gumba, palepale nisipohisi kitu. Kwa mwenye sukari alama kama ile inaweza kuwa kidonda, na kidonda cha mguu si cha kuchezea. Siku hizi nazivaa kwa safari fupi, nikirudi navua na kukagua unyayo wote, na kabla ya kuvaa napitisha mkono ndani ya kiatu nisije nikakanyaga kokoto bila kujua.

Nazipa nyota tatu kati ya tano. Kama hisia imepungua tu, jaribu. Kama kile kiuzi hukisikii popote, au una kidonda, usinunue, na kama hujapimwa bado, pesa hiyo ianzie kwenye vipimo. Zangu vipele vya kisigino vimeshaanza kulala. Zikiisha nitanunua nyingine, ila si kwa 15,000. Jirani yangu kazipata kwa 9,000 mtaa wa pili.