Kuala Lumpur, Bangkok na Singapore kwa familia ya Kihindi isiyokula nyama: tathmini ya safari tatu

Mume wangu ni Mhindi wa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, mimi ni wa Tanga, na wakwe zangu ni Wajaini walioshika dini yao sawasawa: hawali nyama, samaki wala mayai, hawali kitunguu, mbatata, karoti wala chochote kinachong'olewa ardhini, na jua likishazama hawatii chakula kinywani mpaka kuche. Kwa nyakati tofauti tumewapeleka likizo Singapore, Bangkok ya Thailand na Kuala Lumpur ya Malaysia, na kila safari mavyaa wangu alijaza begi zima la khakhra, ile mikate mikavu ya Kigujarati iliyo myembamba kama karatasi, ili tusilale njaa ugenini. Natathmini miji hiyo kwa ajili ya msafiri mwenye pasipoti ya India na tumbo lenye masharti, na hukumu yangu naitoa mapema: Kuala Lumpur ndiyo iliyoniridhisha zaidi, Bangkok inafuatia kwa sababu ambayo sikuitarajia, na Singapore, pamoja na uzuri wake wote, ni ya mwenye fedha na subira ya kukusanya makaratasi.

Tuanze na makaratasi, kwa kuwa ndiyo yanayokata miji mingi kabla hata ya kuulizia nauli. Raia wa India huingia Nepal na Bhutan bila viza, akitaka hata kwa kitambulisho cha mpiga kura, ilhali nchi za Ulaya zenye viza moja ya Schengen humtoza mtu mzima euro 90 tangu Juni 2024, zikamdai taarifa za benki, alama za vidole na miadi ambayo hupatikana kwa kuvizia. Katikati ya ncha hizo mbili ndipo ilipo Asia ya Kusini-Mashariki. Thailand iliwaondolea Wahindi sharti la viza Novemba 2023, na Malaysia ikafuata Desemba mosi mwaka huohuo kwa kukaa hadi siku 30, kwa hiyo Malaysia tulichojaza ni fomu ya kuwasili tu, kwenye mtandao, ndani ya siku tatu kabla ya kutua. Singapore bado inataka viza, nayo huombwa kupitia wakala aliyeidhinishwa. Hapo palizuka kichekesho cha nyumbani, maana pasipoti yangu ya Tanzania haihitaji viza ya Singapore, na baba mkwe, aliyekuwa ameshapiga picha mbili zilizokataliwa kwa ukubwa wa uso, aliniuliza kwa upole kama sikumficha utajiri wa kwetu. Masharti haya hubadilika mara kwa mara, basi yahakikishe kwenye tovuti ya serikali husika kabla ya kulipia tiketi.

Kuala Lumpur ilishinda kwa jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote, nalo ni saa ya magharibi. Tangu 1982 rasi ya Malaysia, iliko Kuala Lumpur, hufuata saa ya Sabah na Sarawak, majimbo ya nchi hiyohiyo yaliyo mbali mashariki, na matokeo yake ni kwamba jua la Kuala Lumpur huzama baada ya saa moja ya jioni karibu mwaka mzima, wakati Bangkok mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi na mbili. Kwa wengi tofauti hiyo haina uzito. Kwa wazee ambao ni lazima wawe wameshakula kabla ya giza, ni tofauti ya kuitembea alasiri yote bila kuangalia saa, na kuikatisha saa kumi ili kukimbilia sahani. Nilipanga safari tatu kwa ramani na bei za hoteli, na kumbe ilinipasa kuanza na jedwali la machweo.

Chakula chenyewe kilipatikana kwa wepesi nilioushangaa. Tulifikia Brickfields, mtaa wa Wahindi ulio hatua chache kutoka kituo kikuu cha treni cha KL Sentral, na Wahindi wa Malaysia wengi wao ni Watamil, watu wenye asili ya kusini mwa India, hivyo asubuhi ni thosai, ule mkate mwembamba wa mchele na dengu, na chatne ya nazi ambayo mtu wa Tanga haihitaji kufundishwa. Ulipotoka nje ya mtaa huo mambo hayakuharibika, kwa sababu Kimalay kina neno moja, bawang, linalobeba kitunguu maji na kitunguu saumu kwa pamoja, kama lilivyo neno letu kitunguu, na ukisema "tanpa bawang", yaani bila kitunguu, mpishi amekuelewa kote kuwili. Migahawa ya Wachina Wabuddha nayo haitumii kitunguu kabisa kwa sababu za dini yao, na mavyaa alikula humo mara mbili akiwa ametulia kama yuko jikoni kwake. Mimi, nisiye na masharti hayo, nilikuwa nikitoroka asubuhi kwenda kula roti canai kwenye vibanda vya Watamil Waislamu, kwa kuwa ile mikunjo yake ni chapati yetu ya pwani iliyovuka bahari.

Kasoro zipo. Mapango ya Batu, yenye mahekalu ya Wahindu, yana ngazi 272, na ingawa sanamu ya mungu wao Murugan iliyosimama mlangoni, yenye urefu wa zaidi ya mita 42, inaonekana vizuri ukiwa chini, mwenye magoti mabovu hatafika ndani. Nyani wa pale ni wanyang'anyi, usipande na mfuko wa chakula mkononi. Mvua za Oktoba na Novemba, msimu wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindi, ambao ni mmojawapo wa misimu mikubwa ya likizo Gujarat, hunyesha alasiri kwa nguvu, tukapoteza siku mbili kwenye maduka ya chini ya minara ya Petronas.

Bangkok niliiendea kwa hofu, maana mapishi ya Kithai hutiwa maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi hata kwenye mboga ya majani, na siku ya kwanza begi la khakhra lilifunguliwa saa sita mchana. Wokovu ulitoka kwenye bendera ndogo za manjano zenye maandishi mekundu yanayofanana na tarakimu 17. Ni alama ya chakula kiitwacho jay, kilichotokana na ibada za Wachina wa Thailand, kisicho na nyama, mayai, maziwa, kitunguu maji wala kitunguu saumu, na kilichobaki kwetu kilikuwa kukagua mbatata na karoti tu. Kuanzia hapo tuliacha kusafiri nusu saa kwenda Phahurat, mtaa wa Wahindi, kwa ajili ya kila mlo. Hata hivyo tulikwenda siku moja, tukaketi sakafuni katika gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, iliyo jirani, ambako chakula ni bure kwa yeyote. Msongamano wa magari ni adhabu, lakini treni za juu huupita.

Singapore sina la kuilaumu ila bei. Kitamil na Kiingereza ni miongoni mwa lugha nne rasmi, mabango unayasoma, na katika Little India kuna mkahawa wa Komala Vilas uliopo tangu 1947 ambao haupiki nyama. Tatizo ni kwamba hoteli tuliyoimudu ilikuwa mbali na huko, na watu wanne wakila nje mara tatu kwa siku, hesabu hukataa, hivyo jioni tulirudi kwenye khakhra na chai ya chumbani.

Safari ya Bangkok tulikata kwa wakala mmoja wa Ahmedabad aliyetuahidi "mlo wa Kijaini kila siku", na ahadi hiyo ikawa basi la dakika arobaini kwenda mgahawa uleule, ambako mchuzi ulinuka kitunguu saumu kabla hatujakaa. Kama unanunua kifurushi, dai jina la kila mgahawa kwa maandishi, uwapigie simu mwenyewe. Dubai, ambayo jirani wote wa wakwe zangu huisifu, haimo kwenye tathmini hii: iko saa tatu tu kwa ndege na Kihindi kinaeleweka kila kona, lakini likizo ndefu ya shule za Gujarat huangukia Mei, joto la huko likishapita nyuzi 35, na mavyaa alisema hapandi ndege kwenda kulifuata joto analolikimbia nyumbani.

Begi la khakhra lilirudi tupu kutoka Singapore, na kutoka Bangkok likarudi na pakiti mbili. Kutoka Kuala Lumpur lilirudi likiwa nusu, na mavyaa akazigawa zilizobaki kwa majirani kama zawadi za safari, bila kuwaambia zimetoka jikoni mwake.