Kuzuia seli zisife au kuzisaidia kujisafisha? Njia mbili dhidi ya Parkinson

Katika ugonjwa wa Parkinson, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili, hufa kidogokidogo. Mgonjwa anapoanza kutetemeka, nyingi zimeshapotea.

Njia moja ni kuzuia apoptosisi, yaani kifo ambacho seli hujiletea yenyewe kwa mpango. Iliwavutia watafiti wengi, lakini dawa ya CEP-1347, iliyokusudiwa kukatiza mpango huo, haikupunguza kasi ya ugonjwa ilipojaribiwa kwa wagonjwa.

Nyingine ni kuchochea autofajia: seli hukusanya protini mbovu na mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) zilizoharibika, huzimeng'enya, kisha hutumia tena malighafi yake. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2016 kwa kuichunguza kwenye hamira. Kabla ya hapo, mwaka 2006, ilionekana kwamba panya wakiondolewa jeni ya Atg5 au Atg7, zinazohitajika kwa autofajia, katika mfumo wa neva, protini hulundikana na neva huharibika. Tena jeni za PINK1 na Parkin, ambazo zikiharibika huleta Parkinson ya mapema, husimamia usafishaji wa mitokondria.

Mimi naegemea huku, kwa sababu tatizo hushikwa kabla seli haijaamua kufa. Hata hivyo, hakuna dawa ya namna hii iliyothibitishwa kuzuia Parkinson, na autofajia ikivuka kiasi inaweza kuidhuru seli.